Sahani Isiyo na Chumvi

Kazini wananiita Madam Rudia. Hawaniiti hivyo mbele yangu, lakini kuta za maabara yetu ni nyembamba na masikio yangu bado mazima. Jina hilo nimelipata kwa jasho. Kwa miaka ishirini na miwili, sampuli ya kidonda ikija hapa na dalili yoyote ya uzembe, iwe chupa haikufungwa vizuri au fomu imejazwa na mtu aliyekuwa anawaza chakula cha mchana, naandika neno moja kwa wino mwekundu: irudiwe. Wauguzi wa zahanati zote za ukanda huu wa pwani hawanipendi hata kidogo. Mimi nalala usingizi mnono.

Nalisema hili mapema ili mjue Jumanne ile nilikuwa najiona nani.

Jumatatu zilikuja sampuli kumi na nne. Hazina majina, zina namba tu. Majina hubaki zahanati. Mimi mwenyewe ndiye niliyepigania utaratibu huo, maana zamani sampuli ya mke wa bosi ilikuwa inaruka foleni na ya mama asiye na mtu inasubiri mpaka inanuka. Moja kati ya hizo kumi na nne ilikuwa namba 409, kidonda cha kiganja. Nikaipaka kwenye sahani ya jeli kama nyingine zote, nikaiingiza kwenye kabati la joto, nikaenda nyumbani.

Bakteria mmoja haonekani kwa macho. Lakini ukimpa jeli yenye chakula, joto la mwili na usiku mmoja, asubuhi unakuta amezaa ukoo mzima, na ukoo huo unaonekana kama kitone juu ya jeli. Jumanne asubuhi namba 409 ilikuwa na vitone vya aina mbili. Vya kwanza vilikuwa vya waridi, vinene, vinang'aa. Hao nawajua, ni wa tumboni, huingia kwenye vidonda kila siku ya Mungu. Vya pili vilikuwa vyeupe vya krimu, bapa, vimetambaa kingoni. Nikafunua kifuniko kidogo. Harufu ya ufukweni ikanifikia puani.

Bakteria wa baharini. Wa maji ya chumvi, asiye na shughuli yoyote kwenye kiganja cha mtu. Nikajua mara moja kilichotokea: muuguzi fulani ameosha kidonda kwa maji ya bahari, au ameuweka usufi wake mahali palipolowa. Nimewafundisha watu wengi kazi hii, na wote nimewaambia kwamba ukiona wa baharini kwenye sahani ya kidonda, huo ni uchafu, usipoteze muda nao. Nikaandika kwenye fomu: Uchafu. Irudiwe. Sahani nikaitupa kwenye mfuko mwekundu unaosubiri kuchemshwa Ijumaa. Haikunichukua hata nusu dakika. Kisha nikanywa chai.

Alhamisi mchana simu ikaita. Alikuwa shemeji yangu, mume wa dada. Shemeji ni mchomeleaji wa mageti, mtu wa utani kuanzia asubuhi mpaka jioni, na kwa kawaida akinipigia huanza kwa kuuliza kama nimeshapata mtu wa kunivumilia. Siku hiyo hakutania.

"Shemeji, tuko hapa kwenu hospitali. Wodi ya upasuaji. Njoo."

"Nani anaumwa?"

"Dada yako. Mkono."

Dada yangu anapasua chaza. Kuna banda refu karibu na ufuo, lina meza za saruji na mabomba, na wanawake thelathini husimama humo kuanzia alfajiri. Mkono wa kushoto unashika chaza, wa kulia unaingiza kisu kifupi kwenye bawaba na kukizungusha. Dada amefanya kazi hiyo miaka kumi na tisa na hakuna anayemfikia kwa kasi. Yeye ndiye aliyenilea mama alipofariki. Mimi nilikuwa na miaka mitano, yeye kumi na minne. Kila nilichonacho kichwani kimepitia mikononi mwake kwanza.

Nilimkuta amelala, macho yamezama, midomo imekauka. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya mto, umevimba kama glavu iliyopulizwa. Ngozi imevutika mpaka inang'aa, na wekundu umeshavuka kifundo unapanda juu.

"Ganda la chaza," akasema. "Ijumaa iliyopita. Nikafunga kitambaa nikaendelea."

"Ijumaa! Na leo Alhamisi! Dada, una akili kweli? Mdogo wako anafanya kazi gani? Ulishindwa kunipigia?"

"Ningekupigia ungenigombeza."

"Ningekugombeza, ndiyo!"

"Si unaona," akasema, akafumba macho.

Shemeji akanivuta pembeni. Akaniambia Jumatatu walikwenda zahanati, muuguzi akachukua sampuli na kuanzisha sindano. Jumatano wakaambiwa sampuli imerudishwa, ichukuliwe nyingine. Alhamisi asubuhi homa ikapanda mpaka dada akawa anamwita mama.

"Sampuli ilikuwa ya kiganja?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza, jibu nilikuwa ninalo.

Akatoa kwenye mfuko wa shati kikaratasi kilichokunjwa. Namba 409.

Nikashika ukingo wa kitanda cha mgonjwa mwingine, nikamwomba radhi, nikasimama wima tena. Sikumwambia shemeji kitu. Nilichukua usufi, nikachukua sampuli mpya kwa mkono wangu mwenyewe, nikatoka karibu nikikimbia.

Daktari wa upasuaji tunamwita Saa Nne Kamili, kwa sababu akisema ataanza saa nne, ikifika saa nne na dakika moja wembe uko kazini. Alikuja kuniona maabara jioni ile kabla sijaondoka.

"Nimefungua kiganja, nimesafisha," akasema. "Nimempa dawa zetu mbili kubwa. Kama hazifanyi kazi hadi Jumamosi, nakata hapa." Akajigusa chini ya kiwiko. "Saa nne."

"Ni mkono wake wa kazi, daktari."

"Najua. Nataka abaki na uhai wa kufanyia kazi nyingine."

Ijumaa asubuhi nilifungua kabati la joto kabla sijavua hata mkoba begani. Vitone vya waridi vilikuwepo. Na pembeni yao, vya krimu, bapa, vimetambaa. Safari hii sampuli niliichukua mimi. Hakuna aliyeosha kidonda kwa maji ya bahari wala kuulowesha usufi. Yule wa baharini hakuwa uchafu. Alikuwa ameingia na ganda la chaza siku ileile dada alipokatwa, akapanga kiganjani pamoja na wenzake wa tumboni.

Nikaenda kwenye mfuko mwekundu. Ulikuwa haujachemshwa bado. Nikapindua sahani za wiki nzima mpaka nikaipata ya Jumanne. Sasa nilikuwa na bakteria wa waridi wa mapema na bakteria wa waridi wa Alhamisi, na mgeni wa baharini wa siku zote mbili. Kuna mashine mpya inayopima usugu wa dawa kwa saa tano, nayo tuliipigania mwaka mzima kwa barua. Nikawaingiza wote wanne dhidi ya dawa tisa tunazotumia.

Majibu yalipotoka nilikaa chini.

Wa waridi wa mwanzoni mwa wiki alikufa kwa dawa saba kati ya tisa. Mnyonge kabisa, hata vidonge vya zahanati vingemmaliza. Wa waridi wa Alhamisi hakufa kwa hata moja. Na yule wa baharini hakufa kwa hata moja, si siku ile wala siku hii.

Yaani ndani ya kiganja cha dada yangu, kati ya Jumatatu na Alhamisi, mmoja alikuwa amemfundisha mwenzake.

Nilikuwa nimesoma habari hizi chuoni. Nilijibu swali lake kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Bakteria ana maelekezo yake makuu ya kuishi, lakini wengine hubeba pembeni kipande kidogo zaidi, kimefungwa kwa mviringo kama pete. Ndani ya pete hiyo panaweza kuwa na mbinu za kushinda dawa, tano, saba, tisa, zimepangwa pamoja. Akikutana na mwingine humfikishia uzi mwembamba, wanagusana, nakala ya pete inapita. Hawahitaji kuwa ndugu. Wa baharini anampa wa tumboni, na asubuhi hiyohiyo wa tumboni anazaa watoto wenye pete. Kusoma ni kitu kimoja. Kukiona kimetendeka ndani ya mkono ulionibeba ni kingine, na nakiri kwamba hofu niliyokuwa nayo ilichanganyika na kitu ambacho sikukitegemea. Nilistaajabu. Nilikuwa na hasira, nina hatia, dada anaungua kwa homa ghorofa ya pili, na bado nilistaajabu.

Dawa ya kumi tulikuwa nayo, ila hakuna aliyeikumbuka. Ilikuwa dawa ya zamani, iliyoachwa kwa sababu huchosha figo na inataka mgonjwa apimwe kila siku. Stoo ya dawa walikuwa na vichupa vichache, tarehe bado. Mimi nilikuwa na vikaratasi vyake vya kupimia, vilivyoloweshwa dawa hiyo, chini kabisa ya friza. Nikapiga simu kwa Saa Nne Kamili, nikamweleza yote, isipokuwa nani aliyeirudisha sampuli ya kwanza.

"Huyo wa baharini," akasema, "hana mbinu nyingine mfukoni? Nisije nikaanza dawa hiyo leo, na keshokutwa amempa mwenzake kinga ya hiyo pia. Figo zitakuwa zimeumia bure na sumu imeshafika begani."

"Sijui."

"Basi nijulishe kesho kabla ya saa nne. Nikikosa jibu, nakata."

Lilikuwa swali la haki, na mashine haiwezi kulijibu. Ilibidi niwakutanishe mwenyewe.

Nilifikiria kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, nayo ikapoa. Kisha nikaona njia. Bakteria wa baharini hawezi kuishi bila chumvi; hata ile ya damu au ya jeli yetu ya kawaida humtosha. Mnyime chumvi hazai. Wa waridi wa mapema hana pete, kwa hiyo mpe dawa tu anakufa. Nikapika jeli isiyo na chumvi, nikaichanganya na dawa yetu kubwa ya kila siku. Kwenye sahani ya namna hiyo hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kuota. Atakayeota ni mmoja tu: wa waridi aliyekwisha kupewa pete. Kisha nikapika jeli nyingine isiyo na chumvi, hii nikaitia ile dawa ya zamani. Hapo akiota mtu, basi kinga ya dawa ya zamani nayo imo kwenye pete, na mkono wa dada umekwenda.

Nikawaweka wa waridi wa mapema na wa baharini kwenye chupa moja ya mchuzi wa maabara, nikawaacha saa tatu kwenye joto. Saa tatu tu. Kwetu hata salamu za harusini huchukua muda mrefu kuliko huo. Jioni nikawapaka kwenye sahani, nikampaka na kila mmoja peke yake ili nilinganishe, nikafunga kabati.

Jumamosi nilifika saa kumi na mbili na nusu. Shemeji alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, amevaa viatu visivyofanana. Akanifuata ndani, tukasubiri mpaka saa tatu ili sahani zitimize muda wake.

Nilianza na sahani za mmojammoja. Wa baharini peke yake: tupu. Wa waridi peke yake: tupu, safi kama dirisha. Nikachukua ile yenye dawa ya kila siku waliyopakwa wote wawili pamoja.

Sahani ilikuwa imejaa. Vitone vya waridi mia na zaidi, vinene, vinang'aa, vimekaa juu ya dawa ambayo jana mchana ingewaua wote. Saa tatu ndani ya chupa ya mchuzi! Sisi tumesoma miaka, tumejenga viwanda, tumetengeneza dawa kwa kuchungulia mbinu za vijidudu hivihivi vinavyopigana wenyewe kwa wenyewe. Wao wakagusana mara moja na somo likapita. Hawana mkono wa birika hata kidogo. Kijiko cha chai cha maji ya bahari kina bakteria mamilioni, na nje ya dirisha langu bahari ilikuwa imetanda mpaka inapokutana na mbingu. Bomba la maji machafu ya hospitali yetu linatokea hatua mia tatu kutoka banda la chaza. Kila kidonge kilichomwagwa chooni, kila dozi iliyoachwa njiani, imepita pale ikawachagua wenye pete na kuwaua wasionazo. Na pete zenyewe ni za kale kuliko hospitali, kuliko watu. Nilijiona mdogo sana, na sikuona aibu.

"Shemeji," shemeji akasema nyuma yangu kwa sauti ndogo, "hivyo vingi ni vizuri au vibaya?"

"Hivyo ni vibaya. Subiri."

Sahani ya mwisho, ya dawa ya zamani, niliigeuza kwenye mwanga mara tatu. Nikachukua kioo cha kukuza. Nikatafuta kingo zote, nikatafuta katikati. Jeli ilikuwa tupu. Hapakuwa na kitone hata kimoja. Nikatazama na vikaratasi nilivyokuwa nimeviweka jana juu ya wa waridi wa Alhamisi na juu ya wa baharini: kukizunguka kila cha dawa ya zamani kulikuwa na duara pana, bakteria wote wamekufa.

Nilipanda ngazi nikiwa na sahani mkononi, jambo nililokwisha kumwonya mtu kwa barua kwa kulifanya. Saa Nne Kamili alikuwa ananawa. Akaitazama sahani moja, akaitazama nyingine, akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Dawa iliingia kwenye mshipa wa dada saa nne kasoro dakika ishirini. Saa nne kamili daktari alimkata kidole cha mwisho, kilichokuwa kimeshakufa, basi. Mkono ukabaki. Jumapili usiku homa ilishuka, na Jumatatu dada aliomba kitana.

Wiki mbili baadaye alikuja maabara na bandeji yake. Figo zilikuwa nzima. Vidole viwili vya pembeni havikunjiki vizuri, na kushika chaza hawezi tena. Wamempa kazi ya kupanga makasha. Alitaka kuwaona hao wadudu waliotaka kumnyang'anya mkono. Nikamkalisha kwenye kiti changu, nikamwekea sahani zilizofungwa kwa utepe mezani, nikamweleza habari ya pete na uzi na saa tatu. Alisikiliza kama anavyosikiliza siku zote, kinywa wazi kidogo.

"Kwa hiyo wanapeana tu? Hata hawajuani?"

"Hawajuani."

"Na haulizi mtu, wewe wa ukoo gani?"

"Haulizi."

"Ee Mola," akasema, akainama karibu zaidi. "Vidogo hivi."

Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa siku kumi na nne. Yakanitoka bila mpango.

"Dada, ile sampuli ya kwanza. Aliyeirudisha ni mimi. Niliona wa baharini nikasema uchafu. Sikuipima. Ningeipima siku ile, dawa ya zamani ungeianza Jumatano. Kidole ungekuwa nacho."

Hakuinua macho. "Najua kama ni wewe."

"Nani kakwambia?"

"Muuguzi alinionyesha fomu. Mwandiko wako mimi nisiujue? Nilikushika mkono hivi mpaka ukaweza kuandika."

"Sasa mbona hukunipigia Jumatano ileile?" Sauti ilinipanda, kama kawaida yangu. "Mbona ulikaa kimya?"

"Nikupigie nikwambie nini?" Alisema polepole, wala hakukuwa na lawama ndani yake. "Yule muuguzi alikuwa na wasiwasi, mtoto wa watu. Alishanitafutia na gari, nije hapa hospitali Jumatano ileile. Nikamwambia hapana, tusubiri sampuli ya pili. Nikamwambia aliyeandika hapa ni mdogo wangu, na yeye hakosei."

Nililia pale mbele ya kabati la joto, na kuta zetu nimeshasema ni nyembamba. Dada alinishika bega kwa mkono wake wenye bandeji, akaniacha nilie. Kisha akaniomba nimsogezee ile sahani iliyojaa karibu na dirisha, alikuwa hajamaliza kuitazama.